Itatosha

Kwa miaka mitatu ya kwanza hapa kitivoni nilijivunia jambo moja: hakuna aliyeweza kujua ninatoka wapi kwa kunisikiliza tu. Nilifika Dar es Salaam nikisema mutoto, mushipa, kintu na bantu. Nikaziondoa sauti hizo moja baada ya nyingine, kama mtu anayejitoa miiba mguuni. Kufikia mwaka wa tatu muuza chipsi mmoja aliniuliza kama natokea Tanga. Nililichukua swali lake kama shahada ya kwanza, kabla chuo hakijanipa yake.

Makala haya ni kuhusu wiki moja ambayo fahari hiyo nusura imgharimu shangazi yangu jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kuliamua. Ni kuhusu uvimbe wa nadra sana uliomea ndani ya mshipa wake mkubwa, na kuhusu kitenzi kimoja ambacho sote tunadhani tunakijua.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliishi Kibua, kwenye njia itokayo Masisi kwenda Walikale, upande ambako milima ya malisho inauachia msitu nafasi. Kinyanga kilikuwa lugha yake ya jikoni, Kihunde lugha ya soko, na Kiswahili lugha ya barabara: cha madereva, askari, wakimbizi na wauguzi. Hakuwahi kukisoma darasani, lakini hakikuwa kibovu. Kilikuwa Kiswahili cha Kivu, chenye ngeli zake, vitenzi vyake na adabu zake.

Ugonjwa ulianza kwa maumivu upande wa kulia wa tumbo. Kisha miguu ikawa inavimba jioni na kupungua asubuhi. Nyumbani tulikuwa na jina tayari: mushipa. Wasomaji wa jarida hili wanajua jinsi neno hilo lilivyobebeshwa mizigo. Mshipa ni njia ya damu, iwe inayotoka moyoni au inayorudi, ni neva, kwa wengine ni kano, na mitaani ni ngiri. Majirani zetu wa Rwanda wana umushipa, na huko pia neno hilo hushuka hadi kwenye maradhi ya kinena. Basi Kibua ukisema fulani ana mushipa, tiba inajulikana: mizizi ya kuchemsha, kuchuliwa, na kuacha kubeba mizigo mizito. Shangazi alichuliwa tumbo kwa miezi saba. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba jina lilikuwa sahihi. Ugonjwa ulikuwa wa mshipa kweli, ila si mshipa ule.

Alipopimwa kwa ekografia mjini Goma, aliambiwa kuna kitu kikubwa mbele ya uti wa mgongo, na kwamba atafute hospitali yenye vifaa zaidi. Baba mdogo ni mfanyabiashara. Bidhaa zake hushukia bandari ya Dar es Salaam. Akaamua kumleta huku kwa basi, kupitia Rwanda na mpaka wa Rusumo. Alikuwa na sababu mbili: njia aliijua, na mimi nilikuwa huku. "Kule banasema Kiswahili," alimwambia dada yake. "Hautapotea."

Siku ya kwanza wodini muuguzi kijana alimwambia, "Shikamoo, mama." Shangazi akajibu, "Jambo." Muuguzi akacheka kwa upole, nami nikacheka naye. Leo nakumbuka kicheko changu kuliko chake.

Picha za CT na kipande kidogo cha nyama kilichochunguzwa maabara vilileta jina jipya: leiomiosakoma ya vena kava ya chini. Mimi nililipokea kama mwanafunzi wa mofolojia anavyopokea neno refu: nikalikata vipande. Kigiriki leios ni laini, mys ni msuli, sarx ni nyama, na -oma ni kiambishi cha uvimbe. Kava ni Kilatini, maana yake yenye uwazi ndani. Wagiriki waliuita mshipa huo kwa neno lao la uwazi, Waarabu wakauita al-ajwaf, yaani wenye uwazi, na Walatini wakauita cava kwa maana ileile. Wote walitafsiri picha. Sisi tumechukua sauti, picha tumeiacha njiani. Hata saratani, tuliyoipata kwa Waarabu, kwao ni kaa, kama ilivyokuwa kwa Wagiriki kabla yao. Galen alieleza kwamba mishipa inayotanda kuzunguka uvimbe hufanana na miguu ya kaa. Waliotoa majina hayo walikuwa wametazama kwanza.

Haya ndiyo niliyojifunza baadaye, kwa kusoma na kwa kuwauliza madaktari. Vena kava ya chini ndiyo njia kuu inayorudisha damu moyoni kutoka miguuni, nyongani, kwenye figo na kwenye ini. Hupanda upande wa kulia mbele ya uti wa mgongo. Ukuta wake una misuli laini, na mara chache sana ndani ya misuli hiyo huzaliwa sakoma. Perl aliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1871. Daftari la kimataifa lililochapishwa mwaka 1996 lilikusanya wagonjwa 218 tu kutoka dunia nzima, na uchambuzi wa mwaka 2015 uliounganisha ripoti za upasuaji kutoka sehemu mbalimbali ulikuwa na wagonjwa 377. Wengi wao ni wanawake wa makamo na kuendelea.

Madaktari huugawa mshipa huo sehemu tatu: chini ya vena za figo, kutoka vena za figo hadi za ini, na kutoka hapo hadi moyoni. Uvimbe ukiwa chini, miguu huvimba. Ukiwa juu, damu hukwama kwenye ini na tumbo hujaa maji. Ukiingia kwenye chumba cha kulia cha moyo, kuutoa huweza kuhitaji mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari anakata. Wa shangazi ulikuwa sehemu ya chini, lakini kichwa chake kilikuwa kimefika kwenye vena ya figo ya kulia.

Dawa na mionzi huweza kusaidia kwa kiasi. Tumaini lenyewe lipo kwenye kisu: kuuondoa uvimbe wote pamoja na kipande cha mshipa uliomo. Baada ya hapo hubaki swali la njia, kwa sababu damu ya miguuni lazima irudi. Kama kilichokatwa ni sehemu ndogo ya ukuta, daktari hushona au huweka kiraka. Kama ni kipande kizima, huweza kuweka bomba la sintetiki. Lakini kama uvimbe ulikua polepole na kuziba taratibu, mwili huwa umeshafungua mishipa mingine pembeni, na hapo daktari huweza kuzifunga ncha mbili na kuacha hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Daktari wa upasuaji hakuwa mtu wa haraka. Aliketi, akamsalimia shangazi, na hakutumia Kiingereza hata kidogo mbele yake, jambo lililonifurahisha kama mwanafunzi wa lugha za Kiafrika. Baba mdogo alisimama upande wa dirisha, mimi upande wa mlango.

"Mama," daktari alisema, "tutakufungua tumbo tushughulikie uvimbe huu. Huenda figo ya kulia nayo ikaondoka. Bomba hatutaweka, labda tulazimike. Naona mishipa midogo ya pembeni itatosha."

"Itatosha?" shangazi aliuliza.

"Itatosha, mama. Ila ni upasuaji mkubwa. Mtu anaweza kutokwa na damu nyingi, anaweza hata kufariki. Ni lazima nikwambie."

"Tunamwachia Mungu," alisema baba mdogo upesi.

"Aksanti, munganga," alisema shangazi. Akatia dole gumba kwenye fomu. Mimi nikaweka sahihi kama shahidi.

Jioni nilimpelekea uji. Alikunywa nusu kikombe, akakiweka chini, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilipima swali lake tangu mchana: "Mutoto wa ndugu yangu, kama ile mishipa kidogo itatosha ile kintu, juu ya nini bananipasula?"

Nilihisi baridi mgongoni. Nyumbani, kutosha ni kutoa. Mtoto hutosha viatu, mganga hutosha jino bovu, askari hutosha watu nyumbani mwao. Kitu kinachokidhi haja hakitoshi, kinaenea. Na wanaosema hivyo hawajakosea sarufi. Ni kauli ya kusababisha ya kutoka, iliyoundwa kama washa kutokana na waka, chosha kutokana na choka, amsha kutokana na amka. Nimewahi kuiandika kanuni hiyo ubaoni, chaki mkononi, nikapewa alama nzuri.

Kwa hiyo shangazi alikuwa amesikia hivi: utafunguliwa tumbo, na mishipa midogo ya pembeni itakitoa kitu hicho chenyewe. Hatari ya kifo aliisikia, lakini aliiona kama hatari ya kufunguliwa tu. Kwamba mshipa mkubwa utakatwa na kuondolewa, na hautarudishwa, hakuwa na habari. Aliridhia sentensi ambayo hakuna mtu aliyeisema.

Nami nilikuwepo. Alirudia neno lile kwa kuuliza, "Itatosha?", na mimi, niliyelelewa mgongoni mwake, nikalisikia kama anavyolisikia mtu wa Tanga. Daktari hakuwa na njia ya kujua. Mimi ndiye niliyekuwa najua, kisha nikajifunza kutojua.

Nilimfuata baba mdogo kwenye nyumba ya wageni alikofikia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu, kwamba dada yake amekwisha kukubali. Kwamba nikimweleza upya ataogopa na kukataa. Na kwamba huko nyumbani hakuna munganga wa kutosha kintu kama hiki. "Unataka akufe juu ya neno?" aliniuliza.

Sitaki msomaji amwone kuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuza mali yake ili kumfikisha pale. Na hoja yake ilikuwa nzito: bila kisu, shangazi angekufa, na mimi nilitaka apone kama alivyotaka yeye. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na kulifanana sana na upendo. Usiku ule niliwaza kwamba kosa lenyewe lilikuwa limetufaa, kwani limepata dole gumba ambalo huenda ukweli usingelipata. Wazo hilo lilinitisha kuliko upasuaji. Kama kutoelewa kwake kunatufaa, basi si yeye tena anayetibiwa. Ni sisi tunaotibu hofu yetu kwa mwili wake.

Asubuhi nilimngojea daktari kwenye korido. Nilipomaliza kueleza, aliniomba nirudie kile kitenzi. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nimemwambia kitu kingine kabisa," alisema. Akaghairi jambo alilokuwa akiliendea, akachukua kiti, akarudi nami wodini.

Muuguzi yule kijana alishangaa. "Mnatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili?" Ndivyo tulivyofanya, kwa muda wa nusu saa hivi, na si kazi rahisi. Neno la kwanza kutushinda lilikuwa uvimbe. Daktari alisema uvimbe umesababisha uvimbe wa miguu, nami nikarudia hivyo hivyo. Shangazi akacheka hadi akashika tumbo. Ana haki. Uvimbe ni jina lililotokana na kuvimba, na kilichovimba hutarajiwa kunywea. Neno hilo halikumwambia kwamba kilichomo ni kitu chenye uhai wake, kinachokua na hakitanywea. Tukakubaliana: ya miguuni ni kuvimba, na ya tumboni ni kintu. Mwisho wa mazungumzo daktari naye alikuwa anasema kintu.

Nikamwambia kwamba watautosha mshipa mkubwa, ule wa mgongoni, kipande chake, pamoja na kintu kilichomo. Watautosha na hawataurudisha. Alikaa kimya. Kisha akamgeukia daktari mwenyewe, akaniacha mimi pembeni.

"Barabara ya Nyabiondo ikifungwa na matope," alisema, "pikipiki inapita mu mashamba. Kisha siku mingi, ile kanjia inakuwa barabara. Njo vile?"

Daktari hakunihitaji. "Ndivyo, mama. Ndivyo hasa."

"Na kama kanjia haitaenea?"

Hapo nilimtafsiria.

"Nitaweka bomba, liwe daraja," alisema daktari.

"Utajua saa gani?"

"Nikishafungua. Siwezi kujua kabla."

Kwa lugha ya vitabu vya tiba, shangazi alikuwa ameuliza juu ya mzunguko wa damu wa pembeni, na juu ya wakati wa kuamua kama mshipa ujengwe upya. Sikumfundisha mimi. Alikuwa ameiona barabara ikifungwa na kujifungua upya maisha yake yote, kwa mvua na kwa vita.

Daktari alimweleza pia kwamba hata kintu kikitoka chote, kwa wengi hurudi, mara nyingi kwenye mapafu au ini. Akamwomba arudie yote kwa maneno yake mwenyewe, naye akayarudia bila kuacha hata moja. Kisha akamwita kaka yake mdogo kutoka dirishani, akauliza swali ambalo jana yake hakuna aliyempa nafasi ya kuliuliza: "Nikikufa, mutanizika wapi?"

Baba mdogo hakujibu. Najua alichokuwa akifikiria: kusafirisha mwili hadi Kibua, mipaka miwili na barabara ile. Shangazi akajibu mwenyewe. Azikwe hapa hapa, kwenye mchanga wa watu. Shamba la migomba lisiuzwe kwa ajili ya maiti. Ni la wajukuu. Aliomba usiku mmoja wa kufikiri.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta ameketi kitandani, kitenge kimefungwa vizuri. Alisema neno moja tu: "Batoshe."

Akatia dole gumba kwenye fomu ya pili. Nikaweka sahihi kama shahidi kwa mara ya pili, na safari hii nilikuwa shahidi kweli.

Alipoelezwa kwamba atapewa nusu kaputi, aliuliza nusu nyingine itabaki wapi. Akaingia chumba cha upasuaji akiwa bado hajajibiwa. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Alitoka saa tisa alasiri.

Katika saa hizo nilikumbuka kisa alichonisimulia kabla sijajua kwamba kimo kitabuni. Ni utendi wa Mwindo, ambao Candi Rureke aliuimba kwa Kinyanga mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo anaposhuka kuzimu kumtafuta baba yake, humwachia shangazi yake Iyangura ncha moja ya kamba: kamba ikitulia, ajue amekufa. Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Aliyeshuka ni shangazi, na mimi niliyebaki juu sikuwa na kamba, nilikuwa na namba ya simu ya muuguzi. Nilichokuwa nacho zaidi ni hiki: alishuka akijua anakokwenda.

Walibana mshipa juu na chini ya uvimbe, wakaukata pamoja na figo ya kulia, wakazifunga ncha. Bomba halikuwekwa. Mishipa ya pembeni ilikuwa minene kuliko ilivyoonekana kwenye picha. Daktari alipotoka alivua barakoa, akamtazama baba mdogo, akasema, "Inaenea." Baba mdogo akakaa chini sakafuni, akalia.

Shangazi alikaa siku tatu kwenye chumba cha wagonjwa mahututi na majuma matano wodini. Miguu iliendelea kuvimba kwa miezi. Alivaa soksi za kubana na kuzilaumu kila siku. Alirudi Goma, na barabara ilipotulia akapanda pikipiki hadi Kibua. Alivuna maharage misimu miwili. Mwezi wa kumi na nne baada ya upasuaji vipimo vilionyesha madoa kwenye mapafu. Baba mdogo alitaka kumrudisha huku. Alikataa, na hakuna aliyembishia, kwa sababu lile nalo aliliamua akiwa analijua. Alifariki nyumbani kwake miezi mitano baadaye. Amezikwa nyuma ya migomba, ambayo haikuuzwa.

Ninaandika haya kwa sababu tunakosoma kuna tabia ya kupima umbali wa lahaja kutoka Kiswahili sanifu kana kwamba ni umbali wa mtu kutoka kwenye akili. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, Mombasa mwaka 1928, Kongo haikuwa miongoni mwa nchi zilizokusanyika pale. Hilo halikuzuia Kiswahili kuendelea kukua Kivu, na watu kuzaa, kuugua na kuzikana kwacho. Leo mgonjwa wa Walikale akija Dar es Salaam haitwi mkalimani, kwa sababu hakuna anayeona haja. Angekuwa anazungumza Kireno, mtu angetafutwa. Hatari kubwa ilikuwa mahali ambapo kila mtu alidhani hakuna lugha mbili.

Tuna wenzetu wanaotunga istilahi za tiba, na kazi yao ni njema. Tunahitaji ateri na vena, ili mshipa upumzike. Lakini siku ile hatukushindwa na istilahi. Vena kava haikutudhuru. Shangazi hakuisikia kabisa. Tulishindwa na kutosha na uvimbe, maneno ambayo hakuna kamati ingeyaweka kwenye orodha yake, kwa kuwa kila mtu anayajua. Naamini kazi yetu inaanzia hapo: kukusanya maneno ya kawaida ambayo hugeuka yanapovuka ziwa au mpaka, na kuyapeleka mahali yanapoweza kuua. Na kwa yeyote kati yetu atakayeitwa kusimama kando ya kitanda cha mtu wake, nina ombi moja dogo. Usiulize, "Umeelewa?" Adabu itajibu ndiyo. Mwombe akusimulie kitakachotokea, kwa maneno yake, kisha umsikilize kwa sikio ulilozaliwa nalo.

Langu linarudi polepole. Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu alikuwa anahema kati ya maneno. Hakuongelea mapafu. Aliniuliza kuhusu masomo, kama nakula, kama pesa ninayotumiwa inanifikisha mwisho wa mwezi. "Franga inaenea?"

"Inaenea, shangazi," nilimjibu.